Seva ni yetu, funguo ni za nani?

Kila jumuiya yetu huku Uingereza ina yule kijana mmoja "anayejua kompyuta". Yeye ndiye aliyefungua grupu, yeye ndiye mwenye nenosiri la tovuti, na sasa anataka kutuwekea boti. (Nikisema boti, mama yangu huuliza inakwenda Unguja au Pemba. Nazungumzia programu inayojibu ujumbe ndani ya Telegram: madrasa inaanza saa ngapi, zamu ya ukumbi ni ya nani, mchango wa msiba umefika wapi.) Mimi namuunga mkono, tena naitaka boti hiyo kwenye seva yetu wenyewe. Ninachokataa ni yeye kushika kila kitu peke yake.

Kwa nini seva yetu? Hebu fikiria boti ya michango inajua nini. Nani katoa, nani hajatoa, nani kafiwa, namba ya simu ya shangazi wa nani. Hiyo ni sitara ya watu. Ukiipakia kwenye huduma ya bure ya mtu usiyemjua, mwenye mashine anaweza kulifungua daftari lote akipenda. Ila tusiwadanganye watu pia: mazungumzo na boti za Telegram hayana ule usiri wa mwanzo hadi mwisho. Yanapita kwenye seva za kampuni, na kampuni ndiyo yenye funguo zake. Seva yako inalinda daftari tu.

Kazi yenyewe wala si kubwa. Kuna Pterodactyl, paneli ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya seva za michezo, lakini boti ndogo inakaa humo vizuri tu. Ina sehemu mbili: paneli unayoiona kwenye kivinjari, na Wings, ambayo ndiyo inayowasha kila programu ndani ya kontena lake la Docker. Mapishi ya kila aina ya programu wameyaita mayai (ndiyo, mayai). Unachukua yai la Python, unaweka faili zako, unaweka kikomo cha kumbukumbu, unawasha. Boti ikichanganyikiwa, itachanganyikiwa ndani ya kontena lake. Na kama umeipanga iende yenyewe kuuliza Telegram kama kuna ujumbe mpya, huna haja ya kuifungulia mlango wa nje.

Sasa tuje kwenye tokeni, ule mfuatano wa herufi na namba unaopewa na BotFather. Aliye nayo ndiye boti. Anaweza kuwaandikia watu kwa jina la jumuiya, akawaambia mchango wa leo utumwe akaunti nyingine. Kwa hiyo ikae kwenye mipangilio ya paneli, si ndani ya msimbo uliorushwa GitHub. Lakini hata ukiificha vizuri, boti ni mali ya akaunti ya Telegram iliyoiomba. Kama akaunti ni ya kijana wetu, na kijana kapata kazi Dubai, kaoa, kabadilisha namba, je?

Halafu kuna saa 24. Ujumbe ambao boti haijauchukua, Telegram hauweki zaidi ya hapo. Sisi maiti haicheleweshwi. Seva ikizima Ijumaa usiku na mwenye nenosiri yuko harusini Muscat mpaka Jumatatu, mjumbe wa Leicester aliyeingiza majina ya waliochangia, majina yake yamekwenda na maji. Na mfiwa hawezi kuanza kumuuliza mtu kama alitoa.

Paneli yenyewe ina dawa: unaweza kuongeza mtumiaji msaidizi na kumchagulia ruhusa moja moja. Mpe katibu ruhusa ya kuona konsoli na kuwasha upya, bila kugusa faili. Katibu wetu ana miaka hamsini na kitu, na jedwali lake la michango ni safi kuliko msimbo wowote niliowahi kuandika. Boti iombwe kwa namba ya jumuiya, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na nenosiri lijulikane na watu wawili. Kama imeshaombwa kwa namba ya mtu, BotFather anaruhusu umiliki uhamishwe.

Nasikia mtu anasema, "Watabonyeza ovyo." Watabonyeza, ndiyo. Mmoja atazima badala ya kuwasha upya, mwingine ataiwasha, basi. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba wazee wetu wako WhatsApp na hawahami kwa ajili ya boti. Kweli kabisa, na tusiwahamishe. Boti iwe ya kamati na wakusanyaji. Bibi ataendelea kutuma sauti yake ya dakika nne, na mtu atamwingizia mchango wake.

Maelekezo ya kuwasha upya yaandikwe kwa Kiswahili, nusu ukurasa, yachapishwe, yawekwe kwenye faili lile lile la kitabu cha hundi. Na kwenye mkutano mkuu, mweka hazina akimaliza kusoma hesabu, kijana wetu naye asimame asome nani ana ufunguo gani.