Sanduku Letu, Akili ya Nani?

Msomaji, katika shule moja ya upande wa Magadi nilionyeshwa chumba kilichofungwa kwa kufuli. Ndani yake mlikuwa na kompyuta kumi na nne, zimepangwa juu ya meza ndefu na kufunikwa vitambaa vyeupe mithili ya maiti. Nilipouliza zimekufa kwa maradhi gani, nilijibiwa kwamba nyingi hazina maradhi. Zawaka, zahesabu, na vioo vyake havina ufa. Wala vumbi la magadi, ambalo hula mabati ya nyumba zetu, halijazila. Dosari yake ni kwamba mwenye kuuza mfumo wa kuziendesha alitangaza kuwa hautunzi tena mfumo ule, na mfumo wake mpya hauzikubali kompyuta za umri huo. Basi shule ilikuwa ikingoja mfadhili wa kuleta nyingine, na wanafunzi waliojiandikisha kwa somo la kompyuta walikuwa wakijifunza umbo la kibodi ubaoni, kwa chaki.

Naandika insha hii kwa hasira, wala sioni haya kusema hivyo.

Mfumo wa uendeshaji ni jumla ya maelekezo ambayo bila yake kompyuta ni chuma na plastiki tu. Maelekezo hayo ndiyo yaamuayo nani aingie, faili ziwekwe wapi, na programu ipi ipewe nafasi. Huandikwa na watu, kama sheria ziandikwavyo na watu. Iko mifumo ambayo maandishi yake ni siri ya mwenye kuiuza. Mnunuzi hupewa ruhusa ya kuitumia, lakini mali hubaki ya muuzaji. Iko na mifumo huria, ambayo maandishi yake yamewekwa mbele ya kila mtu, ayasome, ayanakili, ayabadili, awape na wenziwe. Mashuhuri katika hiyo ni ile iliyojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki.

Hoja yangu ni hii: aundaye sanduku, au alinunuaye, kisha akamwachia mtu mwingine akili yake yote, amekodi tu, na siku ya kuondolewa katika nyumba ile haamui yeye.

Nitakupa mfano wa mbali kabla sijarudi nyumbani. Mjini Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna kampuni iitwayo System76, iliyoanza mwaka 2005. Ukiipima na majitu ya biashara hiyo ni kama swala kando ya ndovu. Tangu mwanzo iliuza kompyuta zenye Linux, ikitumia mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwezi wa Aprili 2017 wenye Ubuntu walitangaza kwamba wataiacha sura ya kioo waliyokuwa wakiitengeneza kwa miaka kadhaa, iliyoitwa Unity. Kwa muuza kompyuta lile lilikuwa jambo zito: kitu akionacho mteja wake kila asubuhi kilikuwa kikibadilishwa na mtu mwingine, kwa sababu zisizomhusu. Kampuni ingaliweza kulalamika, au kungoja. Iliamua kujitengenezea mfumo wake, na mwezi wa Oktoba mwaka uleule ikautoa kwa jina la Pop!_OS.

Tazama jinsi ilivyofanya, maana njia yenyewe yawafaa hata wasio na mali. Haikuanza na karatasi tupu. Iliichukua Ubuntu, ambayo nayo imesimama juu ya Debian, kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 1993, kisha ikaongeza yale iliyoyahitaji: njia ya kupanga madirisha kwa kibodi bila kugusa kipanya, sehemu ya diski ya kurudishia mfumo ukiharibika, na kufuli ya siri ya diski nzima, ili mwizi wa kompyuta apate chuma asipate barua. Mwaka 2018 ikaanza kutoa kompyuta za mezani ziitwazo Thelio, zilizoundwa katika kiwanda chake huko huko Denver, na michoro ya masanduku yake ikaiweka wazi. Baada ya hapo ikaona sura ya kioo ya kuazima haiitoshi tena, ikaanza kuiandika yote upya, ikaiita COSMIC. Faida ya kampuni i katika sanduku. Mfumo hautozwi hata senti, hata kwa mtu asiyepata kununua chochote kwao. Tarakimu 76 katika jina lao zaashiria mwaka 1776, Wamarekani walipotangaza uhuru wao. Sisi wenye 1963 twapaswa kuielewa lugha hiyo upesi.

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Kitengela hadi Athi River ni mwendo mfupi, na huko Athi River kulifunguliwa kiwanda mwezi wa Oktoba 2023 cha kuunganisha simu za bei nafuu. Kabla yake, mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, vilipewa kazi, pamoja na washirika wa ng'ambo, ya kuzipatia shule za msingi vifaa vya kompyuta. Sizidharau kazi hizo. Vijana wamepata mishahara, na mikono imejifunza. Lakini mkaza skrubu hubaki mtu wa skrubu mpaka siku atakapouliza maelekezo yaliyomo ndani yameandikwa na nani, na kama yeye haruhusiwi kuyaandika, ni nani aliyemkataza. Katika mfumo huria hakuna aliyemkataza. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi: mlango u wazi, nasi tumesimama nje tukibisha mlango wa pili uliofungwa.

Watu wa Magadi tungeujua mchezo huu kuliko wengine. Kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, reli ikajengwa kupitia Konza, na tangu hapo sehemu kubwa ya magadi yetu imekuwa ikiteremka kwa gari la moshi kwenda bandarini, ikawe kioo na sabuni katika nchi za watu. Kioo hurudi kwetu kwa bei ya kioo.

Wako wenye busara ya kukata tamaa ambao hunijibu, "Mwalimu, hatutengenezi hata kipande kidogo cha ndani ya kompyuta. Tutaandikaje akili yake?" Jibu la kwanza ni kwamba hata System76 haitengenezi vichakato, na laptopu zake kwa miaka mingi zimeundwa na viwanda vya nchi nyingine. Jibu la pili liko katika barabara yetu wenyewe. Ukishuka kutoka Kiserian kwenda Magadi utapita Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yamelala pale kwa mamia, mengi yakipita umri wa miaka 500,000. Lakini yaliyonishangaza zaidi ni ya baadaye. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba miongoni mwa zana za pale, zenye umri wa miaka kama 300,000, zimo za jiwe jeusi mfano wa kioo, ambalo halipatikani mahali pale. Lilibebwa kutoka kilomita 25 na zaidi, kisha likachongwa papo hapo. Wazee wale hawakusema kwamba, maadam jiwe ni la mbali, mchongaji naye atoke mbali.

Wengine husema kitu cha bure ni takataka. Hao nawaomba watoe simu mfukoni. Ikiwa ni ya Android, kiini chake ni Linux ileile wanayoidharau. Na zile kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani, ambazo huorodheshwa mara mbili kwa mwaka, tangu Novemba 2017 zote huendeshwa kwa Linux. Mtu wa Magadi hana udhuru wa kutoelewa jambo hili. Chemchemi za moto hutia maji yenye chumvi ziwani, jua huyakausha, na palipochimbwa hujaa tena. Programu huria yapita hata ziwa: mwenzako akichota, hapapungui kitu hata kwa saa moja.

Hoja ya tatu ni ya lugha, kwamba mambo haya ni ya Kiingereza. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, zote kwa Kiswahili. Hawakumwomba tajiri yeyote ruhusa, kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi. Walihitaji watu wenye Kiswahili safi, na saburi. Je, hayo nayo twaagiza ng'ambo?

Sitaki nikudanganye, msomaji. Pop!_OS si dawa ya kila kompyuta. Hutaka mashine ya biti 64 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 angalau, na katika chumba kile ni chache zilizokuwa nayo. Ziko programu za biashara ambazo hazikuandikwa kwa Linux kabisa, na karani wa shule aliyezizoea ana haki ya kununa. Tena mfumo huria hautaki mtu mvivu: kinapoharibika kitu hakuna wakala wa kumpigia simu na kumfokea, kuna kusoma, kuuliza, na kujaribu tena. Mimi mwenyewe nilifuta diski moja nzima kwa haraka yangu, na mitihani ya kidato cha pili ikapotea nayo. Nilistahili maneno niliyoambiwa.

Hata hivyo kufuli ilifunguliwa. Kwa flashi moja na Jumamosi tatu, mimi na wanafunzi tuliziamsha kompyuta kumi na mbili: nne kwa Pop!_OS, nane dhaifu kwa Debian yenye sura nyepesi. Mbili zilikuwa zimekufa kweli, tukazifungua ili kila mmoja aone kilichomo. Kompyuta tano tuliziweka katika Kiswahili.

Jumamosi ya tatu msichana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji, aliniita kwenye kioo chake. Katika programu moja ya kuandikia alikuwa ameona neno "okoa" mahali palipotakiwa "hifadhi". Akasema, "Mwalimu, kwani faili limezama majini?" Wenzake wakacheka. Kisha akaniuliza kama ni ruhusa kulisahihisha, au lazima liachwe hivyo. Nikamwonyesha lilipoandikwa, nikamwachia kiti.