Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Kama Petroli



Mwezi huu tunaweka jembe kando kidogo. Tutazungumza juu ya kiyoyozi cha gari, ile mashine ya baridi ambayo madereva huiita eisi.

Utauliza, bwana shamba na gari wapi na wapi? Siku hizi magari kuukuu yamo katika nyumba nyingi za pembeni ya Dar es Salaam. Yapo Mbagala na Chamazi, wilaya ya Temeke. Yapo Tegeta na Bunju, wilaya ya Kinondoni. Mengine hubeba abiria. Mengine hupeleka mayai na mboga sokoni. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la pwani ni kali. Gari likikaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, watu hulowa jasho na mchicha hunyauka.

Mwenye gari hukimbilia kwa fundi kujaza gesi. Anapata baridi. Baada ya mwezi mmoja, joto limerudi. Analipa tena. Fedha hizo zingenunua chakula cha kuku au madaftari ya watoto.

Ndugu, gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Ikipungua upesi, inavuja.

KIYOYOZI HUFANYAJE KAZI?

Fikiria mtungi wa maji ya kunywa. Maji kidogo hupenya kwenye udongo na kukauka kwa nje. Yanapokauka huondoka na joto la mtungi. Ndiyo maana maji yake ni baridi.

Kiyoyozi hufanya kazi karibu namna hiyo. Kompresa ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Huisukuma gesi mpaka kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta. Hapo gesi hutoa joto na kugeuka majimaji. Kisha hupita kwenye tundu dogo na kuingia kwenye kipoozeo, nyuma ya dashibodi. Hapo hugeuka gesi tena na kuchukua joto la ndani ya gari. Halafu hurudi kwenye kompresa. Gesi ni ileile, inazunguka tu.

TAZAMA DALILI KWANZA

Mkulima hodari hutazama jani kabla ya kununua dawa. Fanya hivyo hivyo kwa gari.

1. Hewa haitoki, au inatoka kidogo. Hapa gesi haina kosa. Tazama fyuzi na feni ya ndani. Tazama pia chujio la hewa. Katika magari mengi limo nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Barabara za vumbi huliziba upesi.

2. Baridi ipo gari likitembea, lakini foleni inaleta joto. Huenda feni ya mbele haizunguki, au kondensa imejaa vumbi na wadudu. Zima injini, iache ipoe. Kisha mwagia kondensa maji taratibu. Maji ya nguvu hupinda mapezi yake.

3. Hewa inatoka kwa nguvu, lakini ni ya moto. Washa injini na kiyoyozi. Simama kando na usikilize. Katika magari mengi ya zamani kompresa hulia "ta!" inaposhika. Isiposhika, huenda fyuzi imeungua, waya umekatika, au gesi imepungua mno.

4. Maji yanadondoka chini ya gari. Usiogope. Ni unyevu wa hewa uliokusanyika kwenye kipoozeo. Lakini yakilowesha miguu ndani, mpira wa kutolea maji umeziba.

Angalia pia mshale wa joto la injini. Ukipanda, zima kiyoyozi mara moja, na injini ishughulikiwe kwanza.

SOMA KIBANDIKO

Hapa kusoma kunalipa, ndugu. Fungua boneti. Tafuta kibandiko kinachotaja gesi. Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya mwaka 1995 huandikwa R134a. Kando yake kuna kiasi kwa gramu. Nakili maneno hayo kwenye karatasi, uende nayo kwa fundi. Gesi ikizidi kipimo, baridi hupungua na kompresa huumia.

Kabla ya kulipa, muulize fundi maswali manne:

1. Inavuja wapi? Mafuta kwenye maungio ya mabomba ni dalili. Povu la sabuni huonyesha mavujo makubwa.

2. Umeziba tundu hilo?

3. Utavuta hewa na unyevu kwa pampu kabla ya kujaza?

4. Utajaza gesi gani, na gramu ngapi?

Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa.

HADHARI

Usifungue mabomba ya gesi wewe mwenyewe. Gesi hiyo hutoka kwa nguvu, na baridi yake huunguza ngozi na macho. Usikubali kujaziwa gesi ya kupikia, maana inawaka moto.

Gesi isiachiwe hewani ovyo. Gesi ya zamani, R12, iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Mataifa yalikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kuziacha gesi za namna hiyo, na Tanzania ilijiunga mwaka 1993. R134a haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo pia. Joto hilo humrudia mkulima shambani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba tundu kwanza, ndipo ununue gesi.

Tukutane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu