Klabu ya mashabiki si kelele, ni ada na kura

Ukiitafuta FC United of Manchester kwenye msimamo wa Ligi Kuu England, hutaiona. Shuka Championship, haipo. Shuka League One na League Two, bado haipo. Miaka 20 baada ya kuanzishwa, mwaka 2025, ilikuwa daraja la saba, kwenye Northern Premier League, pamoja na timu ambazo wachezaji wake mchana wako kazini na jioni ndiyo wanakwenda mazoezini.

Hapo ndipo wanaoibeza wanapopata la kusema. Walisusa Old Trafford mwaka 2005, wakaondoka kwa mbwembwe na kuanzisha timu yao. Glazer bado wapo, na timu yao bado iko mchangani. Sasa walipata nini?

Swali ni la haki, ila wanaouliza wanapima kwa rula isiyo yake. Watu wale hawakuondoka kwenda kutafuta makombe. Makombe waliyaacha Old Trafford, tena mengi. Walichokwenda kukitafuta ni klabu ambayo mtu hawezi kuamka asubuhi akaiuza bila wao kujua.

Mambo yalianza Mei 2005, Malcolm Glazer alipokamilisha kuinunua Manchester United kwa takribani pauni milioni 790. Kilichowachoma mashabiki ni namna alivyolipa. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya mkopo, na mzigo wa deni ukatua mgongoni mwa klabu yenyewe, klabu ambayo kabla ya hapo haikuwa ikidaiwa. Ni kama mtu anunue nyumba kwa mkopo wa benki, aiweke nyumba hiyo hiyo dhamana, halafu wapangaji wapandishiwe kodi ili marejesho yapatikane.

Wengi walilalamika, kisha wakabaki. Wachache wakaitisha mikutano, wakachangishana, wakasajili klabu. Hata jina lilipigiwa kura. Agosti mwaka huo huo FC United ilikuwa uwanjani ikicheza ligi, daraja la kumi, chini ya kocha Karl Marginson. Haikuwa na uwanja wake, ikapanga Gigg Lane, nyumbani kwa Bury.

Msimu wa kwanza ikachukua ubingwa. Wastani wa watazamaji kwenye mechi za nyumbani ukapita 3,000, kwenye ligi ambayo timu nyingi huchezea mbele ya watu unaoweza kuwahesabu kwa vidole. Mechi moja ya Aprili 2006 dhidi ya Great Harwood Town ilijaza watu 6,023. Ikapanda daraja misimu mitatu mfululizo.

Lakini utamu wa klabu hii uko kwenye karatasi kuliko uwanjani. Ukilipa ada ya mwaka, una kura moja. Tajiri akija na mfuko wa hela akanunua hisa nyingi, naye ana kura moja. Bodi inachaguliwa na wanachama. Klabu haigawi faida. Jezi haina tangazo la mdhamini kifuani, kwa sababu wanachama ndivyo walivyotaka. Kiingilio kinatakiwa kiwe nafuu, na kwa tiketi za msimu klabu iliweka kiwango cha chini tu, juu ya hapo kila mtu atoe anachoweza. Mwenye nacho anambeba asiye nacho, na wote wanakaa jukwaa moja.

Kuna watu walisema klabu ya namna hiyo haiwezi kushindana. Novemba 2010 ikawajibu. Raundi ya kwanza ya Kombe la FA, FC United ikasafiri kwenda Rochdale, timu ya League One, ikashinda 3-2 kwa bao la Mike Norton dakika za nyongeza. Raundi iliyofuata ikaenda kwa Brighton, waliokuwa wakiongoza League One wakati huo, ikatoka 1-1 huku kipa Sam Ashton akipangua penalti dakika za mwisho. Marudiano ilipigwa 4-0, sawa, lakini watu 6,731 walikuwepo Gigg Lane kuona.

Baada ya hapo zikaja raha na karaha. Fainali za mchujo wa kupanda daraja ikapoteza mwaka 2011, ikapoteza 2012, ikapoteza 2013. Mwaka 2014 ikaishia nusu fainali. Klabu ya tajiri ingeshafukuza makocha wanne hapo. FC United ilibaki na Marginson yule yule, na mwaka 2015 ikabeba ubingwa wa ligi na kupanda daraja la sita.

Mwaka huo huo ikahamia kwake. Broadhurst Park, eneo la Moston, kaskazini mashariki mwa Manchester, jirani na Newton Heath ambako Manchester United yenyewe ilizaliwa mwaka 1878. Uwanja unaingiza watu wapatao 4,400 na uligharimu zaidi ya pauni milioni 6. Takribani pauni milioni 2 zilitoka mifukoni mwa mashabiki, walionunua hisa ambazo hazipandi bei na haziwapi kura ya ziada. Nyingine zilikuwa ruzuku na mikopo. Ufunguzi ukawa Mei 29, 2015 dhidi ya kikosi cha Benfica, tarehe ile ile ambayo Manchester United iliifunga Benfica mwaka 1968 na kuwa bingwa wa Ulaya. Hawa watu hawakuikana historia yao, walihama nayo.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu mno. Haikuishia. Uwanja ulikuja na gharama zake, na gharama zikaleta ugomvi. Wanachama wakaanza kulalamika kwamba hawapewi taarifa za kutosha na kwamba maamuzi yanafanyika bila wao. Mwaka 2016 meneja mkuu Andy Walsh, mmoja wa waliokuwepo tangu mwanzo, akaondoka. Wajumbe wa bodi nao wakajiuzulu, uchaguzi ukafanyika, sura mpya zikaingia. Oktoba 2017 Marginson naye akaondoka baada ya miaka 12. Mwaka 2019 timu ikashuka daraja.

Wabezaji hushika hapo: mnaona, mashabiki hawawezi kuendesha klabu, watagombana tu. Ni kweli waligombana. Lakini angalia ugomvi wenyewe uliishaje. Waliokosa imani na viongozi walikuwa na njia ya kuwabadilisha, wakaitumia. Hakuna aliyelazimika kurusha mabomu ya moshi nje ya geti wala kuandika mabango ya kumwomba mwenye mali auze. Walikwenda kwenye sanduku la kura.

Linganisha na waliobaki Old Trafford. Mwaka 2010 walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, kuwapinga Glazer. Mei 2, 2021, baada ya sakata la European Super League, walivamia uwanja hadi mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Ujasiri huo haukuwa mdogo. Lakini mwaka 2024 Sir Jim Ratcliffe alipoingia na kununua zaidi ya robo ya hisa, nani aliwauliza mashabiki? Familia ile ile ilibaki na sauti kubwa, na deni halikwenda popote. Shabiki wa Old Trafford ana uwezo wa kupiga kelele tu. Wa Broadhurst Park ana uwezo wa kumng'oa mwenyekiti.

Hata hoja kwamba klabu za mashabiki haziendi mbali haisimami. AFC Wimbledon ilianzishwa mwaka 2002 baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Ilianzia chini kabisa, ikaingia ligi za kulipwa mwaka 2011, ikafika League One 2016, na mwaka 2020 ikarudi Plough Lane kwenye uwanja mpya. Kwa hiyo kupanda kunawezekana. FC United imekwama chini zaidi, na ina haki ya kujiuliza kwa nini. Ila klabu inayojiuliza hivyo ikiwa na uwanja wake, wanachama wake na katiba yake haijafeli. Jirani aliyeipangisha, Bury, klabu iliyoanzishwa 1885, alifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019 kwa sababu mmiliki hakuweza kuthibitisha kwamba ana fedha za kuiendesha. Mashabiki wa Bury hawakupigiwa kura yoyote. Walisimama nje ya geti wakilia.

Somo hili halikai Manchester peke yake. Vijiwe vya Dar es Salaam na Nairobi vimejaa wanazi wa Mashetani Wekundu wanaomtukana Glazer kila wikiendi kana kwamba amewakopa wao. Hao hao wakitoka hapo wanaingia kwenye Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu ambazo tangu enzi na enzi zimejiita mali ya wanachama. Hapa Bongo umepigwa mjadala mrefu wa mwekezaji kuchukua asilimia 49 na wanachama kubaki na 51. Watu wanabishania sana ile 49. Ile 51 ndiyo yenye mtihani.

Maana asilimia 51 bila ada iliyolipwa, bila mkutano mkuu wenye maswali, bila mwanachama anayedai kuona hesabu, ni namba tu. Anayelipia chumba ndiye mwenye ufunguo. Shabiki anayevaa jezi na kujaza uwanja siku ya dabi, kisha kadi ya uanachama hana au ameilipia mara ya mwisho miaka mitano iliyopita, asishangae maamuzi yakifanyika bila yeye. Hajaporwa klabu, ameiacha mlangoni.

Watu wa FC United walilijua hilo mapema. Walikubali kushuka madaraja tisa, kusimama kwenye mvua kuangalia timu isiyo na nyota hata mmoja, kuuza vipeperushi, kupaka rangi kuta, kukaa kwenye vikao virefu vyenye mabishano, na kulipa ada mwaka baada ya mwaka. Hakuna kombe la Ulaya wanalopata kwa hayo. Wanapata haki ya kusema "klabu yetu" na maneno yao yakawa na maana.

Shabiki anayetaka kusema hivyo kuhusu timu yake aanze kwa kutafuta kadi yake ilipo, kisha aangalie ada yake iliisha lini.