Klachi ikilia, usiongeze sauti ya redio

Desemba iliyopita tulipowapeleka watoto Nyamira kumsalimia nyanya yao, nilipanda pikapu ambayo shemeji yangu huitumia kubebea ndizi hadi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Hatukuwa tumefika mbali nilipoisikia sauti nyembamba kama ya nyenje. Kila alipokanyaga klachi, ilianza. Alipoinua mguu, ikanyamaza.

“Shemeji, ni nini hicho kinacholia?” nikamuuliza.

“Gari likizeeka, shemeji, huanza kuongea peke yake,” akajibu, kisha akaongeza sauti ya redio.

Nilicheka, nami nikanyamaza. Kunyamaza huko kunanisuta hadi leo. Mwezi uliofuata, siku ya soko, pikapu ikiwa imejaa ndizi na bintiye ameketi mbele na sanduku la shule, beringi ya klachi ilivunjika katikati ya mlima. Gia ya tatu ilitoka, ya pili ikakataa kuingia. Gari likasimama, likaanza kurudi nyuma. Breki ya mkono haikuweza kuhimili mzigo ule. Alikanyaga breki kwa nguvu zote mpaka vijana wa bodaboda walipokuja mbio na mawe wakayaweka nyuma ya magurudumu.

Hakuna aliyeumia. Lakini soko lilimpita, ndizi ziliiva zikiwa garini, na binti alifika shuleni akiwa amechelewa siku mbili. Ndiyo maana wiki hii ningependa wewe msomaji, hasa ukiwa na gari la gia za mkono, uijue sauti hiyo kabla haijakufikisha huko.

Beringi hiyo, ambayo mafundi wengi huiita rilizi, hufanya kazi ngumu. Presha pleti, ile sahani ya chuma inayoibana diski ya klachi, huzunguka pamoja na injini. Mguu wako, pedali na kebo havizunguki. Beringi ndiyo inayokaa kati yao: unapokanyaga, husukumwa ikaigandamiza presha pleti iliyo katika mbio, ili diski iachiliwe na gia ibadilike. Gololi zake zikilika au grisi yake ikikauka, hulia.

Jipime hivi. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, litoe kwenye gia, na uache injini iungurume polepole. Zima redio. Sikiliza kwanza mguu ukiwa mbali na pedali, kisha kanyaga kidogo, halafu kanyaga hadi mwisho.

Sauti ikianza unapokanyaga na kuisha unapoachilia, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya klachi. Mara nyingine utahisi pedali ikitetemeka chini ya unyayo. Ikiwa sauti ipo mguu ukiwa juu na hunyamaza unapokanyaga, mara nyingi tatizo liko kwenye beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Hata hivyo, katika magari mengi beringi ya klachi hugusa presha pleti wakati wote, nayo ikichakaa huweza kulia kidogo mguu ukiwa juu na kutulia ukigusa pedali tu. Kwa hiyo mweleze fundi ulichosikia na ulikisikia lini, badala ya kumwamuru abadilishe kitu fulani.

Gia zikiwa ngumu kuingia bila kelele yoyote, usikimbilie kufungua giaboksi. Angalia kwanza vitu vya bei nafuu: kebo iliyolegea, au mafuta ya klachi yaliyopungua kwa sababu yanavuja.

Je, unaweza kuipaka grisi ikapona? La. Beringi nyingi za siku hizi zimefungwa kabisa na grisi yake ndani. Ukimimina oili kutoka nje, haitaingia inapohitajika, na ikidondokea diski, klachi itaanza kuteleza. Hapo utakuwa umejiongezea ugonjwa wa pili.

Dawa ni kubadilisha. Beringi yenyewe ni ndogo, lakini ili kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe. Kazi hiyo ndiyo inayokula pesa. Kwa hiyo giaboksi ikiwa chini, mwambie fundi akuonyeshe diski, presha pleti, uma unaosukuma beringi, na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini. Diski ikiwa imekwisha nusu na ukairudisha, baada ya miezi michache utalipa ufundi ule ule mara ya pili. Wengi hununua vyote vitatu pamoja, yaani diski, presha pleti na beringi, nami nadhani hiyo ndiyo busara. Nenda na beringi ya zamani dukani uilinganishe na mpya, uizungushe kwa kidole; ikikwaruza, irudishe.

Tena mwambie fundi asipulize vumbi la klachi kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Vumbi hilo si la kuvuta kifuani, hasa la magari ya zamani. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Kwa nini beringi hufa mapema? Aghalabu ni kwa sababu ya mguu wetu. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, ukikanyaga klachi dakika mbili kwenye msongamano wa Nairobi, umeizungusha beringi mara 1,600 ikiwa chini ya mzigo. Toa gia, inua mguu. Njia ya kwenda nyumbani kupitia Narok, Bomet na Keroka nayo ina milima yake, na ile ya kutoka Kisii hadi Nyamira hupanda na kushuka bila kukoma. Usilishikilie gari mlimani kwa nusu klachi; tumia breki ya mkono. Usiliweke mguu pedali kama kiti cha kupumzikia.

Na ikikuvunjikia mlimani? Kanyaga breki, washa taa za dharura, vuta breki ya mkono, zima injini, kisha ingiza gia ya kwanza. Mtu aweke mawe nyuma ya magurudumu kabla hujainua mguu kwenye breki. Abiria washuke upande ulio mbali na barabara. Usijaribu kuteremka kinyumenyume ukitafuta tambarare.

Shemeji alinipigia simu juzi. Pikapu imepona. “Sasa imenyamaza, shemeji,” akasema, “na redio pia nimeipunguza.” Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwenzako akikupa lifti ukasikia klachi ikilia, usicheke ukanyamaza kama nilivyofanya mimi. Mwambie.