Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hiyo hutamkwa kwa bashasha mgeni anapokaribishwa, na wengi hawayapimi maneno yake. Hospitalini hayawezi kupita hivihivi. Kila mwaka wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Marekani huja Tanzania kwa mafunzo ya wiki chache wodini, na swali linalowapasa wenyeji limo ndani ya methali yenyewe: mgeni akishakuja, je, mwenyeji anapona?

Tabora ni mahali panapofaa kuliuliza swali hilo, kwa kuwa mji huo ulilelewa na safari. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapo, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mwezi Novemba 1857, mahali hapo palipokuwa pakiitwa Kazeh, walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Aliyewapokea alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Aliwasaidia kwa makazi na wapagazi, akamfunulia Burton habari za maziwa, za watu na za lugha za bara. Mwaka 1859 Burton alitunukiwa London nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Alimtaja mwenyeji wake kwa shukrani kitabuni, ni kweli, lakini shukrani haikuvuka kitabu. Maarifa ya Kazeh yalisafiri hadi Ulaya. Kwa Kazeh hakikurudi kitu.

Njia hiyohiyo ya bara ina mfano wa namna nyingine. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa mgeni kabisa: nchi si yake, lugha si yake. Hakuondoka. Aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya jirani hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika. Masomo aliyoyapata ng’ambo yaliishia mikononi mwa wagonjwa wa ziwani.

Hakuna anayemtaka mwanafunzi wa wiki sita akae miaka 67. Lakini kipimo ni kilekile. Safari ya masomo ipimwe kwa kile kinachobaki wodini mgeni akishafunga mizigo yake, si kwa picha na simulizi anazorudi nazo kwao.

Misafara ya kale ililipa hongo. Leo neno hilo linanuka rushwa, ila zamani lilikuwa jina la ushuru wa wazi: msafiri alimlipa mtawala wa nchi kwa nguo, shanga au nyaya za shaba, kwa kuwa alipita katika ardhi yake na kunywa maji ya visima vyake. Mwanafunzi mgeni naye anapita katika nchi ya watu, tena kwenye miili yao. Anadaiwa mambo matatu, na ada anayoilipa hospitalini haiyafuti.

Deni la kwanza ni lugha. Mgonjwa akisema tumbo linamkata, au anasikia moyo unaenda mbio, historia ya ugonjwa imeshaanza kusimuliwa. Asiyeelewa humwita muuguzi atafsiri, na kila dakika ya tafsiri imetolewa kwenye kitanda kingine. Miezi michache ya kujifunza Kiswahili kabla ya safari haimshindi kijana aliyeimudu anatomia. Deni hili linawahusu pia wanafunzi wa nyumbani. Anayetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, atawakuta Tabora wazee wanaoyaeleza maumivu yao vizuri zaidi kwa Kinyamwezi. Hapo naye ni mgeni, na ajifunze kama mgeni.

Deni la pili ni mpaka wa ujuzi. Daktari wa Tanzania anayekwenda kujifunza Marekani bila leseni ya huko kwa kawaida huruhusiwa kutazama tu, hagusi mgonjwa. Haifai basi mwanafunzi wa huko, ambaye bado hajahitimu, aruhusiwe huku kuzalisha au kutoboa uti wa mgongo pasipo msimamizi, ati kwa sababu waganga ni wachache. Miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2010 inataka kila anayejifunza atambue kikomo cha uwezo wake na asimamiwe ipasavyo. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni hii: asichoruhusiwa kukifanya kwao, asikifanye hapa. Mwili wa maskini si daftari la mazoezi.

Deni la tatu ni nafasi ya kurudishiana. Urafiki wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York unaonyesha kwamba vyuo vinaweza kushikana mikono kwa miaka mingi badala ya kupeana salamu za msimu. Kila mkataba wa kupokea wanafunzi wageni utaje ni tabibu, muuguzi au mkunga yupi wa hospitali mwenyeji atakayepata nafasi ya kusoma, na gharama zake italipa nani. Kusomea mbali na kurudi na faida si ndoto katika mji huu: Julius Nyerere alitoka kufundisha St. Mary’s, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, na aliporudi mwaka 1952 nchi nzima ilinufaika.

Wapo watakaosema kwamba masharti yatawafukuza wageni, na pamoja nao vifaa, fedha na urafiki wanaoleta. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwani hospitali isiyo na glavu za kutosha haimkatai mgeni kwa wepesi. Hata hivyo, mgeni anayekimbia kwa kutakiwa ajifunze lugha na asimamiwe hakuja kwa ajili ya mgonjwa. Wale wanaokuja kwa nia njema huyapokea masharti kwa furaha, maana nao hupata hofu wanapoachwa peke yao na uhai wa mtu.

Mlango wa yote haya anaushika mgonjwa. Ana haki ya kuuliza, “Mwanangu, wewe ni daktari au bado unasoma? Nani anakusimamia?” Ana haki pia ya kusema hapana, na kukataa kwake kusimpunguzie huduma wala heshima. Muuguzi anayetafsiri ndiye wa kwanza kuilinda haki hiyo: amtaje mgeni kwa cheo chake cha kweli, aombe idhini kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kisha asubiri jibu kabla pazia halijavutwa.