Kifua Kibanacho Njiani



Juma hili nataka tuzungumze habari za kifua. Sisemi kikohozi wala vichomi. Nasema lile bano linalomshika mtu mzima katikati ya kifua anapokanyaga baiskeli yenye gunia la mpunga, au anapolima, nalo huondoka akikaa kivulini dakika chache. Wengi huku Kyela huliita gesi, au kiungulia, au vidonda vya tumbo. Hulamba magadi, hutafuna mzizi, kisha hupanda baiskeli tena. Pengine ni gesi kweli. Lakini bano lijalo kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika, hilo si desturi ya tumbo. Tumbo halijali kama unalima au umeketi.

Mimi ni karani wa parokia, si daktari. Ila kalamu yangu ndiyo iandikayo katika kitabu cha wafu, na kila mara nakutana na neno hili: hakupata Mpako wa Wagonjwa, alikufa ghafla. Alfajiri mtu ametoka na jembe, saa nne analetwa juu ya machela. Nyumbani wanaapa kwamba hakuwa mgonjwa. Ukikaa nao kwa upole, mjane hukumbuka kwamba tangu Kwaresima mumewe alikuwa akisimama njiani na kujishika kifua.

Tena kifo cha namna hii huzaa msiba wa pili. Matanga hayajaisha, watu wameanza kuulizana kwa sauti ndogo: nani aligombana naye juu ya mpaka wa shamba la kakao? Neno likishamwangukia bibi kizee mmoja, haliondoki. Watoto wake hawasalimiwi kisimani, na mwisho huhama. Mkristo asiyekubali kumshitaki jirani yake yampasa angalau ajue la kusema badala yake. Basi tulitafute.

Mwaka 1793 huko London alikuwako daktari mpasuaji mkubwa, John Hunter. Kwa miaka mingi kifua kilimbana, hasa hasira ilipompanda. Husimuliwa kwamba alikuwa akisema uhai wake umo mikononi mwa mjinga yeyote atakayependa kumkasirisha. Tarehe 16 Oktoba aliingia katika mkutano wa hospitali yake, akapingwa kwa maneno, akatoka chumbani kwa hasira, akafa papo hapo. Laiti ingekuwa kijijini kwetu, yule aliyempinga angekwisha! Lakini madaktari wenzake waliufungua mwili wake, wakaiona mishipa ya moyo wake imekuwa migumu kama mfupa. Ubishi ule uliuchokoza ugonjwa uliokuwamo tayari, haukuuleta.

Sasa mishipa hiyo ni ipi? Moyo ni msuli kama msuli wa mkono, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku bila likizo. Umejaa damu ndani, lakini haunywi damu ile inayopita vyumbani mwake. Una mishipa yake miwili ya kuulisha, inayochipuka pale mwanzo wa mshipa mkuu na kuuzunguka moyo. Wataalamu wa kale waliifananisha na taji, ndiyo maana kwa Kilatini imepewa jina kutokana na neno corona. Mtu akiwa ameketi, moyo hula kidogo. Akipanda mlima wataka damu zaidi. Kama ndani ya ukuta wa mshipa umejengeka uvimbe wa mafuta, njia imekuwa nyembamba, basi damu ya kutosha haipiti, na moyo hulia njaa. Kilio hicho ndicho bano. Akipumzika, ile damu kidogo yatosha tena.

Hapo wengi hufikiri kwamba mshipa hujaa polepole kama mfereji wa jaruba unaoingia matope, hata siku ya mwisho ukaziba kabisa. Si hivyo daima, na hili ndilo fumbo la mtu aliyekuwa na nguvu jana. Uvimbe ule umefunikwa kwa utando mwembamba. Siku moja utando hupasuka. Damu hufanya pale kama ifanyavyo kidole kikikatwa na panga: huganda ili kuziba jeraha. Nje ya mwili kuganda huko kwatuokoa. Ndani ya mshipa wa moyo donge la damu huziba njia yote kwa dakika chache. Sehemu ya msuli isiyopata damu huanza kufa, na kila saa ipitayo yaongeza hasara. Pengine moyo hupoteza mpigo wake mara moja, na mtu huanguka. Hakuna aliyemtupia kitu.

Zamani madaktari waliotibu Waafrika wa nchi zetu waliuona ugonjwa huu kwa nadra sana. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Mgonjwa mmoja tu, na habari yake ikastahili kuchapwa! Baadaye Trowell akawa padre wa Kianglikana, akaendelea kuandika kwamba vyakula visivyokobolewa vilikuwa ngao kwa watu wetu. Leo ugonjwa huu si kitu cha ajabu tena katika hospitali za Tanzania. Damu yetu haikubadilika. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Sigara ni adui mkubwa, maana hujeruhi ukuta wa mshipa na kuifanya damu igande upesi. Kisukari nacho huharibu mishipa, tena mwenye kisukari aweza kupatwa na moyo bila maumivu makali. Mawese yetu siwezi kuyatukana, nimekua nayo, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya namna ile igandayo. Kijiko katika mboga si sawa na kukaangia kila kitu. Usipa na mbasa ni vyakula vizuri, shida ni chumvi tunayowamwagia. Na presha, ndugu msomaji, ndiyo imfichayo mtu zaidi, kwa kuwa haiumi. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 juu ya 90 au zaidi, mganga atakuambia ufanye nini. Akikupa vidonge vya kila siku, ni vya kila siku. Nawajua waliomeza mwezi mmoja, wakajisikia vyema, wakampa jirani vilivyosalia. Walijisikia vyema kwa sababu ya vidonge vile!

Basi mwenye bano la njiani aende zahanati juma hili, asingoje mavuno. Aeleze vizuri linakuja lini na linaondoka lini, maana maelezo hayo ni nusu ya kipimo. Atapelekwa Hospitali ya Wilaya Kyela, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mishipa iliyoziba huzibuliwa. Ni mbali, tena ni gharama, lakini wengi husaidiwa kwa vidonge kabla ya kufika huko.

Lakini bano likikaa zaidi ya robo saa ingawa mtu amepumzika, na hasa likishuka mkono wa kushoto au kupanda shingoni na tayani, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukatika, hapo hakuna kungoja asubuhi. Akina mama pengine hupata pumzi fupi na uchovu wa ajabu tu, wasisikie bano kubwa. Aketishwe, asitembezwe. Kama aspirini haimdhuru na aweza kumeza, atafune kidonge cha miligramu 300. Gari litafutwe, na mmoja akimbie kumwita padre, kwani Mpako huu ni wa wagonjwa, si wa maiti. Wala kuja kwa padre kusilicheleweshe gari.

Ninyi wa Ikombe, ambao njia yenu ni ziwa, patana mapema na vijana wenye mtumbwi wa kuwafikisha Matema, kwenye hospitali ya Walutheri. Na mgonjwa, hata akisema amepata nafuu, asishike kasia.