Bahari, Mvua na Wajibu wa Kiswahili

Aghalabu mjadala kuhusu hali ya hewa huachiwa wanajiografia, nao wapenzi wa Kiswahili wakabaki watazamaji. Mtazamo huo una kasoro. Mabaharia wa Uswahilini waliutambua uwezo wa bahari kabla ya vituo vya utabiri kujengwa, wakauhifadhi katika msamiati: kaskazi, kusi, masika na vuli.

Kiini cha misimu hiyo ni tabia ya maji, ambayo hupata joto na kupoa polepole kuliko nchi kavu. Mwishoni mwa mwaka bara la Asia hupoa upesi ilhali bahari ingali na vuguvugu. Hapo kaskazi huvuma. Katikati ya mwaka bara hilo huwaka joto, upepo ukageuka kuwa kusi.

Hata hivyo, bahari yenyewe inabadilika. Imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililosababishwa na gesi za viwandani na nyinginezo. Mnamo 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa. Vuli ikageuka gharika. Novemba mwaka huo maporomoko ya ardhi yaliangamiza watu Pokot Magharibi. Mnamo 2022 hali hiyo ilipinduka, ikazidisha ukame ulioanza 2020 na kudumu kwa misimu mitano mfululizo ya mvua haba.

Wataalamu huiita hali hiyo daipoli ya Bahari ya Hindi. Utohozi una nafasi yake, lakini neno hilo halimwambii mfugaji wa Marsabit lolote. “Mizani ya Bahari ya Hindi” ingemfaa zaidi, kwani kila ajuaye mizani anafahamu kuwa upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka.

Yamkini itadaiwa kuwa istilahi haizuii mafuriko. Ni kweli, ila onyo lisiloeleweka halimwondoi mtu bondeni. Kwa hivyo, idara za Kiswahili vyuoni hazina budi kushirikiana na watabiri wa hali ya hewa katika kuunda istilahi na kuzisambaza redioni na shuleni. Wahenga walionya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyelielewa la mkuu naye huvunjika vivyo hivyo, na lawama si yake.